Jaketi Lililojazwa Pamba

Asubuhi ya Idi pili, Warda alikuwa amekwisha kufagia uwanja, amewasha moto wa chai na kumkokota mdogo wake Sudi kutoka kitandani. Siku nyingine kazi hizo huzifanya kwa manung'uniko mengi. Siku hiyo alizifanya mbio mbio, maana Idi pili ndiyo siku ya kwenda funguni.

Fungu lenyewe ni mchanga mtupu katikati ya bahari, unaotokea maji yakipwa na kuzama tena yakijaa. Familia nyingi za kisiwa cha Jibondo huenda huko na masufuria ya pilau. Watoto hucheza, wakubwa hupiga soga, kisha wote hurudi kabla maji hayajawafika vifundoni.

Boti ya kuwapeleka ilikuwa ya Mjomba Mudrik, kaka wa mama yake Warda. Mjomba alikuwa fundi wa kuunda vyombo, na boti ile ya mashine aliiunda kwa mikono yake ubao kwa ubao. Lakini Idi iliyopita ilimtia aibu. Boti ya doria iliwasimamisha, ikawakuta watu watano na majaketi mawili tu ya kuokolea maisha, ikawaamuru warudi pwani huku boti za majirani zikiwapita. Tangu siku hiyo vijana wa pwani walimpachika jina la Nahodha Rudi. Akitoka msikitini, walimwuliza kwa adabu zote kama safari hii ana nia ya kufika. Mjomba alicheka nao, kisha akifika nyumbani alinuna mpaka jioni.

Ndiyo maana mwaka huu alijipanga. Juu ya majaketi mawili ya zamani aliongeza matano mapya, ya wenyeji na ya wageni watakaotokea. Akayatundika yote saba barazani tangu mwezi wa mfungo, apitaye ayaone.

Kuyaona waliyaona, ila kuyapenda hakuna aliyeyapenda. Mtoto wa Jibondo huogelea kabla hajajua kuhesabu. Bibi Bimkubwa, mama yake Mjomba, aliyaita kanzu za serikali. Kwa mujibu wa Bibi, doria ikionekana unavaa, ikipotea unavua, na mwenyewe alifanya hivyo bila kificho. Wote wakamfuata, na Warda akakua akijua kwamba jaketi ni kitu cha kumwonyesha askari.

Basi, wiki mbili kabla ya Idi, Warda alikuwa anatengeneza kingalawa chake cha mashindano. Kila Idi mosi watoto hushindanisha vingalawa vya kuchonga, vyenye tanga la mfuko wa nailoni, na mshindi hutembea kifua mbele mwaka mzima. Chake kilikuwa kizuri, ila mirengu yake, yaani vile vibao viwili vya pembeni vinavyokizuia kisipinduke, ilikuwa mizito. Alihitaji kitu chepesi. Macho yake yakaangukia jaketi dogo kuliko yote, lile la zamani lililokwisha kumbana Sudi. Alipiga hesabu akaona hata likiondoka lile yatabaki sita, na wao ni watano.

Mchana watu walipolala, alifumua mshono wake kwa kisu na kuchomoa vipande vyeupe vya boya. Kisha akaingia karakanani kwa Mjomba, akachota pamba kavu ya kukalafati, ile ambayo mafundi huishindilia kati ya mbao ili chombo kisivuje. Akaijaza ndani ya jaketi, akashona kwa uzi wa nyavu. Likatuna vizuri, hata yeye mwenyewe akajisifu. Idi mosi ilipofika kingalawa chake kiliruka juu ya maji, kikawaacha wavulana wote nyuma.

Kilichomponza ni wageni. Jioni ile ile Mama Mdogo Zubeda alishuka kutoka Dar es Salaam na binti yake Umi, mtoto wa miaka sita ambaye maji aliyoyazoea ni ya ndoo. Mjomba alifurahi kupita kiasi. Watu saba, majaketi saba.

Asubuhi hiyo pwani, Mjomba aligawa majaketi moja moja. Lile dogo akamvalisha Umi na kumfunga kamba zake. Warda alitaka kusema, lakini watu walikuwa wengi, na vijana wa pwani walikuwa pale pale wakimtazama Nahodha Rudi. Akajaribu njia ya mkato. Alilivua jaketi lake na kumwomba Umi wabadilishane. Lile kubwa likampwaya mtoto mpaka magotini, na mama yake Warda akamwambia aache michezo, maji hayamsubiri mtu.

Waliondoka. Umi alikaa katikati ya boti akimng'ang'ania mama yake, hathubutu hata kutazama maji. Warda akajipa moyo kwamba akiendelea kukaa hivyo hivyo, watafika na kurudi salama, na usiku atalirekebisha jaketi bila mtu kujua.

Walipokaribia mkondo, pale bahari inapogeuka rangi na maji kwenda kasi, boti ya doria ilitokea upande wa kisiwa cha Juani ikawapungia wasimame. Mjomba alizima mashine huku akitabasamu. Aliyesimama mbele alikuwa Afande Aziza, mwanamke mrefu aliyewarudisha mwaka jana. Alimwamkia Bibi Bimkubwa shikamoo, Bibi akaitikia marahaba, ndipo akaanza kazi. Alihesabu watu, akahesabu majaketi, akauliza kuhusu mafuta, kasia la akiba na simu. Mjomba alijibu kila swali kabla halijaisha.

"Fundi Mudrik, mwaka huu umenifurahisha," Afande Aziza alisema. "Nendeni mkale Idi."

Kisha akamwona Umi alivyojikunyata. Akamwinamia, akamwambia asiogope, kwa kuwa alichovaa kimetengenezwa kwa ajili ya watoto kama yeye. "Hata ukianguka, mwanangu, hili litakubeba juu mpaka tuje kukuchukua."

Umi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu waingie botini. Warda aliyasikia maneno yale yakimwingia mwilini kama maji ya baridi. Alifungua kinywa, akamwona Mjomba alivyonyoosha mabega kwa fahari, akakifunga tena.

Boti ya doria ikaondoka. Bibi Bimkubwa hakungoja hata ifike mbali. Alilivua jaketi lake, akalikunja, akalikalia. Mama akavua, Sudi akavua. Umi peke yake hakuvua. Alisimama juu ya ubao wa kukalia, akamwachia mama yake, akaegemea ukingo wa boti na kuanza kuchota mawimbi kwa kiganja. Mama Mdogo Zubeda alipomwita, alijibu kwamba askari amesema hawezi kuzama. Akainama zaidi, miguu ikaacha ubao.

Warda hakukumbuka alivyofika. Alijikuta amemkumbatia Umi kiunoni na wote wawili wameanguka ndani ya boti, kwenye madumu ya maji. Umi alianza kulia. Warda naye alikuwa analia.

"Mjomba, waite askari warudi," alisema. "Jaketi la Umi halifai. Nimelitoa boya, nimelitia pamba."

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Mjomba alilivua jaketi la mtoto, akalibonyeza, akauona mshono wa uzi wa nyavu. Alichomoa pamba kidogo kwa kidole na kuitazama. Pamba yake mwenyewe aliijua. Uso wake ukabadilika, na kwa muda Warda alidhani atampiga. Mjomba alitazama fungu lililoonekana jeupe mbele yao, ambako boti tatu za majirani zilikwisha tia nanga. Akatazama doria inayokwenda zake. Kisha akavua kofia, akapanda juu ya ubao na kuipunga huku amenyoosha mkono.

Hilo halijapata kuonekana Jibondo. Watu huiomba boti ya doria ipite mbali, hakuna anayeiita irudi.

Afande Aziza alisikiliza habari yote bila kumkatiza Warda. Alilichukua lile jaketi, akalitupa majini likiwa limefungwa kwa kamba. Lilielea kidogo, likaanza kuinama upande mmoja, pamba ikanywa maji, na taratibu likazama mbele ya macho yao mpaka likawa kivuli. Mama Mdogo Zubeda alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Ilibidi Mjomba na askari mmoja wasaidiane kulivuta, kwa jinsi lilivyokuwa zito.

"Mlikuwa mnadhani haya ni yangu?" Afande Aziza aliuliza. Aliwatazama wakubwa, hakumtazama Warda. "Mimi nikishapita, bahari inabaki. Jaketi ni la kukutana na bahari, si la kukutana na mimi. Mko saba, majaketi ni sita. Mnaijua sheria."

"Tunarudi," alisema Mjomba.

Doria iliwasindikiza mpaka karibu na pwani, wote wakiwa wameyavaa tena majaketi yao, na Umi akarudi akiwa amevaa jaketi la askari. Walipofika, maji yalikwisha anza kujaa, na safari ya funguni ikawa imekufa. Vijana walikuwepo pale pale. Mmoja akauliza kama Nahodha Rudi amesahau chumvi ya pilau.

"Mwaka jana nilirudishwa," Mjomba alijibu. "Mwaka huu nimerudi mwenyewe. Kuna tofauti, na ukikua utaijua."

Pilau ililiwa chini ya ubavu wa jahazi ambalo Mjomba alikuwa hajamaliza kuliunda. Warda hakuweza kula. Alikwenda nyumbani akaleta kingalawa chake, akang'oa mirengu na kuiweka miguuni pa Mjomba. Ilikuwa imechongwa nyembamba. Boya lililokwisha chongwa halirudi jaketini, hilo hata mtoto wa fundi analijua.

Mjomba alimwambia kwamba likizo yote atakuwa karakanani kila alasiri, akisokota pamba ya kalafati, mpaka wapate jaketi jingine la mtoto. Ilikuwa kazi ya kuumiza vidole. Warda alikubali kwa kichwa.

"Umekosa mara mbili," Mjomba alisema. "Umeharibu kitu cha kuokoa maisha, halafu ukanyamaza mpaka mtoto wa watu akaning'inia juu ya mkondo. Lakini ulisema kabla hajaanguka, na mbele ya watu, ukijua itakavyokuwa. Aibu tumeipata, nitaizoea. Maiti ya Umi nisingeizoea. Ukweli ukichelewa kidogo bado unafaa, ila usiungoje tena mpaka ufike ukingoni."

Bibi Bimkubwa aliacha kula, akawageukia.

"Msimlaumu peke yake," alisema. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nani aliyemfundisha kwamba jaketi ni la askari?"

Ndipo wote wakamtazama vizuri. Boti ilikwisha fungwa kamba tangu zamani, doria haionekani, na yeye alikuwa amekaa mchangani kwenye kivuli na sahani ya pilau mapajani. Bado alikuwa amevaa jaketi lake, limefungwa mpaka shingoni.