Krenki ya Korongoni

Lori la Mzee Shida lilizimika katikati ya soko la Sumbawanga asubuhi watu wamejaa, likiwa na shehena ya mahindi, na wauza nyanya wakaanza kunung'unika. Ilikuwa mwaka tisini na mbili. Biashara ya nafaka ilikuwa imeachiwa huru, na mwenye gari bovu hakuwa na lake. Munira, bintiye mzee, alishuka mbele na sweta lake la kijani na ushungi mweupe, uso umemshuka kwa aibu.

Halfani, fundi wa magari wa mtaa wa Mazwi, alikuwa akijaribu viatu vya mtumba. Akaja na kipya mguu mmoja, kikuukuu mguu wa pili.

"Dada, limekufa lenyewe au mmeliua?"

"Wewe ni fundi au mpiga ramli?"

"Nimelisikia tangu kona ya msikiti. Linagonga chini. Krenki imekwisha."

"Basi maliza kwanza kuvaa, fundi."

Ndivyo walivyojuana. Injini ikashushwa, na Munira akawa anapeleka gereji chupa ya chai ya tangawizi. Huko alicheka. Nyumbani hawakuwa wamemsikia akicheka tangu Suleimani, mchumba wake, alipotumbukia na lori lake la Bedford korongoni, njia ya Mwimbi, akafa. Miaka miwili Munira hakufika pale, wala hakuna aliyethubutu kumtajia.

Lori la Mzee Shida nalo lilikuwa Bedford, silinda sita, la zamani zaidi. Halfani alipofungua chini alikuta krenki, chuma kinachozungushwa na pistoni, imechongwa mara nyingi mno hata imekonda.

"Tukirudisha hii, mzee, itakatika mlimani," alisema. "Bedford za mwisho zilitoka na krenki ngumu zaidi, na konrodi zinazoizungusha ni nene. Hiyo ndiyo ya kufunga. Mbeya nimekosa. Maduka yamejaa spea za Kijapani tu."

Mzee Shida alishusha sauti. "Ipo moja. Unajua iliko."

"Najua."

"Ndugu wa marehemu nitawaomba mimi. Munira asijue."

Lori lilipowaka, Halfani alimpakia Munira wakazunguka mpaka Chanji.

"Sikiliza, mpenzi. Halitetemeki."

"Nasikia, fundi wangu. Krenki umeipata wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali, malkia."

Munira akacheka, akaegemea bega lake.

Mwezi haukuisha. Eustaki, mkulima wa Mwimbi, alikuja kununua chumvi dukani kwa Mzee Shida, akamsimulia Munira kwa nia njema jinsi fundi wa Mazwi alivyolifungua gari la marehemu, wakapandisha krenki kwa kamba, wanaume wanne.

Jioni habari ilimfikia Halfani, akapiga simu dukani kutoka posta.

"Munira, nisikilize."

"Ulikwenda kule?"

"Nilikwenda."

"Ukanitazama usoni ukasema mbali."

"Sikutaka kukuumiza."

Simu ikakatwa.

Mvua zilianza, zikaisha. Siku moja Munira aliingia gereji, akamkuta Halfani akinawa mikono kwa mafuta ya taa. Hakumsalimu.

"Niambie kukoje."

Halfani alielewa. "Nyasi zimefika dirishani. Kuna mama analima maharage pembeni. Chini kuna kijito, kinasikika. Nilisoma Fatiha kabla ya kushika spana."

Munira alikaa juu ya tairi akalia, kilio kirefu, na Halfani akasimama tu, mikono inanuka mafuta, asijue kama amguse.

"Hakuna aliyewahi kuniambia," alisema baadaye. "Wote walinihimiza nisahau."

"Nataka kukuoa, Munira."

"Nakupenda, Halfani. Usidhani sikupendi. Lakini ungeniuliza, ningekwambia kachukue. Ningekuja mwenyewe nikushikie kamba. Wewe na baba mkaona siwezi."

"Nilikosea."

"Nimekusamehe."

"Basi?"

"Basi nimechoka kutunzwa kama mgonjwa. Nikikaa na wewe, kila ukinyamaza nitajiuliza unanificha nini."



Munira alimwomba baba yake amwachie ununuzi wa mahindi Mwimbi, aishi hukohuko. Mzee alikataa, kisha akakubali. Asubuhi ya safari lori lilipita Mazwi na godoro, sufuria na masanduku, injini yake imetulia. Halfani alitoka akasimama mlangoni. Munira alimwona. Alimpungia mkono, akaendelea kumtazama mpaka konani, lakini hakumwambia dereva asimame.