Mume Wangu Hataki Mjakaranda

"Mizizi tena? Kila nikitaja mti, wewe unaniletea mizizi!"

"Mizizi inapasua mabomba, mke wangu. Ndiyo kazi yangu, naiona kila siku."

"Mabomba yako nyuma ya nyumba. Uliyalaza mwenyewe. Geti liko mbele."

Akakuna kichwa. "Na majani je? Yataziba mfereji wa maji ya mvua."

"Hatua kumi kutoka kwenye bati? Majani yatapanda ngazi?"

Hakucheka. Ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo tunasimama kwenye kile kipande cha ardhi mbele ya nyumba, tunagombana kama watu wanaogombea shamba la urithi. Mimi nilitaka mjakaranda pale karibu na geti. Yeye alitaka mrehani. Tena si mrehani wa kupanda chini. Mrehani kwenye makopo.

"Kwenye makopo kwa nini, na ardhi hii hapa?"

"Ni rahisi kuhamisha."

"Kuhamisha kwenda wapi?"

Simu yake ikaita. Akaitazama, akaondoka nayo mpaka nyuma ya tangi la maji, akaongea kwa sauti ya chini.

Mtaa mzima wanamwita Koki kwa sababu ya ufundi wake wa mabomba. Mimi namwita hivyo kwa sababu nyingine: hata ukimfungua mpaka mwisho, maneno yanatoka kwa matone. Miaka sita ya ndoa nilikuwa nimeizoea hali hiyo. Lakini safari hii kulikuwa na kitu. Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Kutwa naona watu wameshika shavu huku wanasema haliumi. Mume wangu alikuwa ameshika shavu.

Jumatatu, muda wa chakula cha mchana, nikaenda kwa Mama Miche, mwanamke anayeuza miche kando ya barabara, nyuma ya kliniki yetu. Nilikuwa na karatasi yangu. Nilikuwa nimechora mstari katikati, upande huu mrehani, upande huu mjakaranda, ili nikirudi nyumbani nimshinde mtu kwa hoja.

"Niambie ukweli, mama," nikamwambia. "Usiniuzie. Nifundishe."

Akafuta mikono kwenye kanga. "Mrehani ni mgeni mchangamfu. Unaupanda leo, miezi miwili una maua, nyuki wanakuja, majani unatia kwenye chai. Lakini ukishachanua sana unachoka. Lazima uukate vichwa, na mwisho unapanda mwingine."

"Na mjakaranda?"

"Huo ni mkwe. Ukishauleta, umeuleta. Miaka saba, pengine nane, ndiyo uone ua. Ukichanua, watu watasimama barabarani kuangalia nyumba yako. Ila usiusogeze ukutani, na ujiandae kufagia. Maua yake yakianguka yanateleza."

"Mimi nataka huo. Mume wangu ndiye hataki."

"Mume wako nani?"

"Koki."

Akanitazama kidogo, kisha akatabasamu kama mtu aliyekumbuka jambo jema.

"Ooh! Kumbe ni wewe! Alinitengenezea bomba hapa wiki iliyopita, akachukua mbegu za mrehani. Basi mwenzangu, mjakaranda wa nini tena na nyinyi mnahama? Alisema mvua zijazo mtakuwa mmeshahamia kwa mama yake."

Karatasi yangu ilianguka. Sikuiokota.

Nilirudi kliniki natembea kama niliyechomwa sindano ya ganzi mwili mzima. Nikamtumia ujumbe:

"Tunahama?"

Dakika mbili. Akajibu: "Nani kakwambia?"

"Sijakuuliza swali hilo."

Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha. Mwisho ikaja: "Tutaongea jioni."

Tutaongea jioni! Jumamosi tatu nilikuwa napigana na mizizi, na mabomba, na majani, kumbe nabishana na uongo. Hasira ilinipanda mpaka nikamwita mgonjwa mmoja jina la mwenzake. Nikaomba dakika kumi, nikatoka nje, nikampigia mama mkwe.

Lazima niseme hapa: mimi na mama mkwe tulikuwa hatupigiani simu. Miaka miwili tulikuwa watu wa kusalimiana kwenye misiba na harusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoikumbuka. "Leo jua limetokea upande gani?"

"Mama, naomba nikuulize. Ni kweli sisi tunahamia kwako?"

"Kwani si wewe uliyekubali?"

"Mimi?"

"Mume wako kaniambia umekubali kwa moyo mweupe. Kaniambia wewe ndiye uliyesema nisiachwe peke yangu. Mwenzio nililia siku ile! Chumba nimeshawapakia rangi."

Nikakaa chini kwenye ngazi ya nyuma ya kliniki, pale tunapoanika aproni.

"Usiachwe peke yako kwa nini, mama? Una nini?"

"Hata hilo hakukwambia? Niliteleza bafuni, mwezi wa pili huu. Nyonga. Natembea na fimbo."

Nilitaka kumpasua Koki kwa spana yake mwenyewe.

"Pole sana, mama. Sikujua. Wallahi sikujua, ningekuja."

"Ungekuja kweli? Mimi na wewe tuna maneno."

"Tunayo."

"Hebu niambie. Mimi ni mzee, nisije nikafa nalo. Nilikukosea nini?"

Ningeweza kusema yameisha. Lakini siku hiyo nilikuwa nimechoka na watu wanaoficha.

"Ulisema mimi ni mgeni tu katika nyumba ya mwanao. Ulisema mbele ya dada zangu."

"Nilisema," akasema. "Nilikuwa na wivu, basi. Nisamehe, mwanangu."

Koki alirudi saa kumi na mbili jioni, ananuka gundi ya mabomba, begi la vifaa begani.

"Kaa."

"Ngoja nioge kwanza."

"Kaa na uchafu wako."

Akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mama umemwambia umeniuliza, mimi nikakubali. Mimi uliniambia mizizi. Umetudanganya wote wawili kwa mdomo mmoja!"

"Niliogopa ungekataa."

"Labda ningekataa!" Sauti yangu ilitoka mpaka jirani akapunguza redio. "Labda ningekataa, halafu ungenibembeleza, halafu tungegombana, halafu tungekubaliana. Ndivyo watu waliooana wanavyofanya! Wewe ulitaka niamke siku moja nikute vitu vyangu viko kwenye gari, na mrehani wangu kwenye kopo?"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Jumamosi tatu tumesimama pale nje! Wakati mbaya ulikuwa upi?"

Akafunika uso kwa viganja. Aliposema, yalitoka matone, lakini safari hii nilisubiri.

"Nilimkuta sakafuni. Alikuwa amelala pale toka asubuhi, mke wangu. Aliita, hakuna aliyesikia. Nikamwahidi hatalala tena peke yake. Nilipofika nyumbani nikakukuta unapima pale getini kwa kamba, unacheka, unaniambia hapa utakuja mti. Nikashindwa."

Nilimhurumia. Sitadanganya, nilimhurumia mno. Lakini huruma na hasira vinaweza kukaa kiti kimoja, na mimi vilinikalia vyote.

"Na bafu lake umeliwekea vishikio?"

Akalitazama begi lake la vifaa.

"Umeweka sakafu isiyoteleza?"

"Bado."

"Mganga hajigangi! Fundi mzima, mwezi wa pili huu, unahamisha mke badala ya kufunga vyuma viwili ukutani! Kesho naomba ruhusa kazini. Tunakwenda kwa mama, wote wawili. Na wewe hutasema kitu. Leo ndio mwisho wako wa kunisemea."

Tulikwenda. Koki alitoboa ukuta wa bafu, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na mimi na mama tukakaa kwenye kile chumba chenye rangi mpya. Ilikuwa ya samawati. Rangi ya chumba changu cha usichana. Niliwahi kumtajia mama mara moja tu, kabla ya ndoa.

"Mama, wewe mwenyewe unataka nini?" nikamuuliza.

Akageuza fimbo mkononi. "Nyumba yangu siiachi wala siipangishi. Lakini mpaka nyonga ipone, ningependa kusikia mtu anaamka chumba cha pili."

"Basi njoo kwetu. Tutafunga hapa, funguo utakaa nazo wewe."

"Mtakuwa mmenipa chumba gani?"

"Cha mbele. Dirisha lake linatazama pale ninapotaka kupanda mjakaranda."

"Unachukua miaka mingapi kuchanua?"

"Saba. Nane."

Akacheka mpaka akashika nyonga. "Sina haraka ya kufa, mwanangu, lakini mti huo unaniomba subira kubwa! Hapo dirishani nipandie kitu nitakachokinusa mwezi ujao."

Koki alichungulia mlangoni, kichwa cheupe kwa vumbi, na macho ya mtu aliyeshinda. Nikamwonyesha kidole: funga mdomo. Akarudi bafuni.

Basi mama akaja kwetu, na mrehani niliupanda mwenyewe, ardhini, mstari mzima chini ya dirisha. Na shimo la mjakaranda akachimba Koki pale getini, jua la saa saba, bila kutaja mizizi hata mara moja.

Msinielewe vibaya: sikumsamehe siku ile. Mwezi mzima nilikuwa namjibu kwa maneno mawili mawili. Akichelewa nashtuka. Akipokea simu nje nachungulia. Mama mkwe ndiye aliyeniambia, tukikunja nguo, "Mchunge, lakini usijichoshe. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, na mimi sikumfundisha."

Wiki iliyopita nilikuwa mapokezi, mzee mmoja ameshika shavu mbele yangu ananiambia haliumi. Simu ikatetema.

"Mke wangu, nimeitwa kazi ya wiki mbili, mji wa mbali, jengo la ghorofa nne. Sijawajibu chochote. Wewe unaonaje?"

Nikasoma. Nikarudia. Nikamwomba yule mzee anisubiri kidogo, kwa sababu herufi zilikuwa zinacheza machoni.

Kisha nikaandika: "Nenda. Mimi na mama tutakuwepo."