Kalamu Ishikwe na Mwenye Swali

Kicheko kililipuka sebuleni, na mkasi wa Fundi ukapotoka. Mguu wa suruali aliyokuwa akiikata ukapata pembe isiyo na kazi.

Fundi akatema pini mkononi. "Nyinyi watoto! Mnataka nije huko?"

"Samahani, mama!" wakaitikia kwa pamoja, kama wanaimba.

Kimya kikaja. Hakikukaa. Muda si muda viti vikaanza tena kuburutwa.

Fundi alikuwa mshonaji, na wateja wake hawakumwita jina jingine. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa cha kazi. Kilikuwa na cherehani dirishani, meza ndefu ya kukatia, na kioo cha wateja cha kujigeuzageuza. Nyuma ya pazia ilikuwa sebule. Baada ya sebule kulikuwa na chumba cha kulala, na humo alilala mumewe. Mumewe alikuwa mwokaji wa mikate. Alifanya kazi usiku kucha, akarudi asubuhi unga umemganda hadi kwenye nyusi. Mchana alilala. Yaani, alijaribu kulala.

Aliyeleta balaa lote hilo alikuwa binti yao. Bibi yake alimbandika jina la Chiriku tangu utotoni, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Chiriku alikuwa mwepesi wa hesabu. Darasa lao lilijaa hadi wengine walibanana kwenye kizingiti cha dirisha, na mwalimu hakuweza kumfikia kila mmoja. Basi mwenzake mmoja akaja nyumbani kuomba aeleweshwe. Kesho yake akaja na mwingine. Sasa kila baada ya masomo walijaa sebuleni kama wamealikwa harusi.

"Tumeanzisha klabu, mama," Chiriku alisema kwa majivuno. "Klabu ya kusaidiana masomo."

"Kusaidiana kupiga kelele?"

"Tunajadiliana, mama."

Fundi akachungulia nyuma ya pazia. Hakuona majadiliano. Aliona daftari la Chiriku katikati ya meza, na vichwa vimeliinamia kama kuku waliomwagiwa mtama. Mvulana mmoja mrefu, waliyemwita Domo kwa maneno yake mengi, alikuwa akinakili huku akisimulia mechi ya mpira. Karibu naye alikaa msichana waliyemwita Mpole. Huyo alinakili bila kuinua macho.

"Kuna anayeelewa hapo?" Fundi aliuliza.

"Wote, mama!"

Fundi akashusha pazia. Akashusha na pumzi.

Siku chache baadaye, Chiriku aliingia nyumbani bila kusema neno. Hilo peke yake lilimtia Fundi hofu.

"Unaumwa?"

"Nimepata sifuri, mama. Sote tumepata sifuri."

Maneno yakamtoka polepole. Katika kazi ya nyumbani ya hesabu, Chiriku alihamisha namba kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda wa pili, akasahau kubadili alama. Kosa dogo. Lakini klabu nzima ilisahau kubadili alama ileile, kwenye mstari uleule.

"Mwalimu amesema makosa yetu yamezaliwa na mama mmoja," Chiriku alisema.

"Mama huyo si mimi!"

"Si hilo tu. Juzi uliponituma sindano za cherehani, niliandika pembeni ya daftari nisisahau. 'Nunua sindano.' Domo naye akaandika 'nunua sindano' katikati ya hesabu. Mwalimu akamwita mbele aeleze hiyo njia mpya."

Fundi alitaka kucheka, lakini hasira ikatangulia. Mwezi mzima amevumilia kelele. Amekata suruali ya mteja vibaya. Mumewe amekuwa akienda kazini macho mekundu. Na yote hayo, faida yake sifuri!

"Kuanzia leo klabu imekufa," akasema. "Sitaki kumwona mtu hapa."

Kutoka chumbani ikasikika sauti nzito ya usingizi: "Kwani hizo sindano zilinunuliwa?"

"Wewe nawe lala!" Fundi akafoka.

Alipokuwa bado amefura, akaingia Mkutubi. Alikuwa jirani yao, mwanamke mchangamfu aliyefanya kazi maktaba ya umma, na alikuja kujaribu gauni lake. Fundi alimpandisha juu ya kigoda, akaanza kumbana kiunoni.

"Fundi, taratibu. Hiyo pini imenigusa mimi, si gauni."

"Nisamehe, dada. Watoto wamenipandisha presha."

Akamwaga yote. Mkutubi alisikiliza, mikono hewani kama mtu aliyekamatwa. Kisha akamwita Chiriku.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu niambie. Mwenzako akikwama kwenye swali, wewe unafanya nini?"

"Namwonyesha jibu."

"Nani anashika kalamu?"

Chiriku akafikiri. "Mimi."

"Basi anayejifunza ni wewe. Mwenzako anatazama tu. Klabu yenu si mbaya, ila mmeijenga kichwa chini miguu juu. Kalamu ishikwe na mwenye swali. Yeye ndiye aandike, yeye ndiye afute. Wewe muulize, 'Umefika wapi? Kwa nini umefanya hivi?' Ukiona amepotea, mrudishe hatua moja. Usimbebe mgongoni hadi nyumbani."

"Hiyo itachukua muda mrefu sana!"

"Ndiyo. Ndiyo maana msijazane. Kaeni vikundi vya watu watatu au wanne. Na anayekuja aje na swali alilojaribu mwenyewe, hata kama amekosea. Asiyejaribu kitu, ajaribu kwanza."

"Hawatakuja," Chiriku alisema.

"Wa kunakili hawatakuja. Wacha waende. Pale maktaba tuna chumba cha nyuma chenye ubao, na Jumamosi asubuhi hakina mtu. Kitumieni. Klabu ni yenu, mtaiongoza wenyewe. Mimi nitakuwa mezani kwangu, mlango wazi. Lakini kila mmoja awaambie wazazi wake yuko wapi na anarudi saa ngapi. Na swali likiwashinda wote, msibuni jibu. Mpelekeeni mwalimu."

Fundi hakuvutiwa sana na hayo maelezo. Alivutiwa na neno moja: maktaba. Yaani, si kwake.

"Waende," akasema. "Waende hata kesho."

Jumamosi ya kwanza ilikuwa aibu. Kati ya lile kundi lililokuwa likijaza sebule, walikuja wachache tu. Chiriku alijitahidi kuuliza badala ya kujibu, lakini majibu yalimwasha ulimi, yakamtoka kila mara. Ikafika zamu ya Mpole. Akaenda ubaoni, akaandika, akakosea kujumlisha sehemu. Domo akaangua kicheko.

"Hiyo hata mdogo wangu anaijua!"

Mpole aliweka chaki chini, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Chiriku alirudi nyumbani, akajitupa kitini. "Nimechoka, mama. Hawaji. Wakija, wanachekana. Naacha."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Alipaswa kufurahi. Badala yake damu ilimchemka.

"Unaacha? Mwezi mzima mmenipasua kichwa hapa, leo mmepewa chumba, ubao na mtu wa kuwaelekeza, ndiyo unaacha?"

"Mpole hatarudi. Na asiporudi..." Chiriku akasita. "Baba yake amesema mwaka huu akifeli, anamtoa shule. Atakaa dukani kuuza."

Fundi akamtazama bintiye. "Na hilo ulilijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Ndiye wa kwanza aliyekuja kuniomba msaada."

Fundi alikunja kitambaa, akafunika cherehani, akajitupia kanga mabegani. "Vaa viatu. Twende kwao."

Baba yake Mpole alikuwa na duka la vyombo vya nyumbani. Ndoo zilipangwa hadi darini, na mifagio ilining'inia mlangoni kama ndevu. Mpole alikuwa nyuma akifuta sufuria vumbi. Alipowaona, akainama zaidi.

"Klabu?" Mwenye duka alicheka kwa pua. "Mama, hawa wakikutana ni porojo tupu."

Fundi alifungua mdomo kukubali. Maneno hayo alikuwa ameyasema mwenyewe, tena kwa sauti kubwa zaidi. Lakini akaona mikono ya yule msichana imesimama juu ya sufuria, ikisubiri.

"Ni kweli, baba. Zilikuwa porojo," akasema. "Kwangu ndiko walikozipigia, nazijua. Sasa wanajaribu kurekebisha. Usiniamini mimi. Jumamosi yoyote ukipata nafasi, pita maktaba. Mlango uko wazi. Ukikuta porojo, mchukue mwanao, na mimi nitamchukua wangu kwa sikio."

Mwenye duka akakuna kidevu. "Mwenyewe anasemaje?"

Mpole aliweka sufuria chini. "Sitaki kuchekwa," akasema.

"Hutachekwa tena," Chiriku alisema. "Na mimi nitanyamaza uandike."

"Wewe? Unyamaze?" Mpole akatabasamu kidogo.

Jumamosi iliyofuata Mpole alirudi. Walipomweleza Mkutubi yaliyotokea, hakumfukuza Domo. Aliwaambia wakae wenyewe waweke masharti yao. Wakabishana sana. Mwishowe wakakubaliana kwamba anayemcheka mwenzake ndiye atakayesimama ubaoni kulieleza swali hilohilo, tangu mwanzo hadi mwisho.

Domo alidai anaanza sasa hivi na swali la Mpole, aonyeshe lilivyo rahisi. Akashika chaki. Mstari wa kwanza ukaenda. Wa pili ukamtoa jasho. Alijua jibu, lakini hakujua kwa nini. Akageuka, akaona wenzake wanabana kicheko kwa nguvu, mashavu yamewavimba.

"Msicheke," akasema haraka. "Mkicheka mtakuja hapa."

"Umefika wapi?" Mpole akamuuliza, kwa sauti ndogo.

Domo akakaa. Alimwomba radhi Mpole, kwa sauti ndogo vilevile, na tangu siku hiyo akawa mtu mwingine kidogo. Kidogo tu, kwa sababu mdomo ulikuwa uleule. Ila waligundua kwamba mdomo huo ulikuwa na kazi. Katika somo la historia, Domo alisimulia matukio hadi yakaeleweka kama habari za mtaani. Chiriku, ambaye historia ilimpa usingizi, alikaa kwenye kikundi chake akiwa na maswali yake mwenyewe. Mpole naye alikuwa hodari wa kuandika insha. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Kuna Jumamosi walikuja wawili. Kuna Jumamosi waligombania chaki hadi Mkutubi akaja kusimama mlangoni, akawatazama tu, wakajirudi. Fundi naye alipita mara moja, akakuta Mpole amekwama kwenye hesabu na Chiriku amekaa mbele yake ameuma midomo.

"Si umwambie tu!" Fundi alinong'ona.

"Mama! Anafikiri!"

Ilimchosha Fundi kusubiri. Alihesabu vitabu kwenye rafu, akapoteza hesabu, akaanza tena. Kisha Mpole akafuta mstari mmoja, akabadili alama, akainua kichwa.

"Ahaa," akasema. Basi.

Nyuma ya Fundi, mtu alikohoa. Alikuwa mwenye duka, baba yake Mpole, kofia mkononi. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu saa ngapi. Alimwamkia Mkutubi kwa kichwa, akaondoka.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulifika, majibu yakatoka. Haikuwa miujiza. Domo alipanda kidogo katika hesabu, akajisifu kana kwamba amekuwa wa kwanza. Chiriku alipata alama nzuri za historia kwa mara ya kwanza, akatangaza mtaa mzima. Mpole hakuongoza somo lolote isipokuwa insha. Katika hesabu alipita kwa shida. Lakini alipita.

Likizo ilipokuwa inaelekea ukingoni, mwenye duka aliingia kwa Fundi akiwa na bintiye. Kwapani alikuwa na kitambaa kipya kimefungwa kwa karatasi.

"Karibuni," Fundi alisema. "Tunashona nini, baba?"

"Sare ya shule," mwanamume akajibu, akitazama pembeni. "Ya darasa linalofuata."

Fundi alichukua utepe wa kupimia ulioning'inia shingoni. Mpole alipanda juu ya kigoda, mabega ameyakunja kama kawaida yake.

"Simama wima, mwanangu," Fundi alisema. "Ukijikunja, nguo itakuwa fupi."

Mpole akanyoosha mgongo. Fundi alimpima bega kwa bega, kisha kiuno, kisha urefu wa sketi hadi chini ya goti. Akaandika vipimo kwenye karatasi.

"Pindo nimwachie kubwa?" akamuuliza baba.

"Kubwa," alisema mwenye duka. "Bado ana miaka mingi ya kusoma."