Bibi Aliyeteka Maji Mwenyewe

Tusifichane: siku ile mjinga alikuwa Yassir, na ujinga wenyewe aliuandika kwa mkono wake.

Kila Alhamisi baada ya shule, Yassir husoma Kiswahili kwa Mwalimu Benedicta huko Vällingby, nchini Uswidi. Wiki ile kila mwanafunzi alitakiwa kusoma kitabu cha Kiswidi kilichoandikwa na mwanamke, kisha akieleze kwa Kiswahili kwenye karatasi ya kubandikwa maktabani. Yassir aliazima kitabu alichoandika bibi yake Pradnya, msichana wa darasani kwao shuleni, kilichotafsiriwa kwa Kiswidi. Bibi huyo alikuwa Mdaliti wa India, mmoja wa watu wanaoitwa najisi tangu kuzaliwa na kukatazwa kugusa visima vya wengine. Yassir alisoma kurasa tatu, akachoka, akajitungia zilizobaki: bibi analia kisimani, tajiri mwema anamhurumia, anamtekea maji. Nani atajua? Pradnya hajui Kiswahili!

Lakini Raïssa, Mkongo asiyefunga mdomo, anakijua. Jumamosi, kule maktabani, alimsomea Pradnya karatasi yote kwa Kiswidi, Yassir na mwalimu wakiwa pale pale.

Pradnya aligeuka, macho yamewaka. "Tajiri gani? Bibi aliteka maji mwenyewe! Wenye kisima walimpiga mawe, kesho yake akarudi na wanawake arobaini. Ulikisoma kitabu au ulikilalia?"

"Bibi yako nimemfanya mtu mwema, sasa kosa liko wapi?"

"Umemfanya kinyago! Wanawake wa tabaka la juu wa mjini waliandika 'sisi wanawake,' na visima vyao hatuvigusi. Wanaume wetu wakaandika 'sisi Wadaliti,' wakawasahau wake zao. Bibi na wenzake walipoandika wenyewe, ndipo wale wa mjini walipolazimika kuulizana: hao 'sisi' ni akina nani? Halafu wewe unamrudisha kulia!"

"Leo umepatikana, kaka," Raïssa alisema.

Mwalimu Benedicta aliibandua karatasi polepole. Hakupaza sauti, na hapo ndipo Yassir alipoogopa.

"Kaa pale. Soma mpaka mwisho. Mimi sina haraka."

Yassir alisoma. Alipofika kwenye mawe, hasira ikampanda na yeye. Akaandika upya, bila tajiri. Pradnya alimtaka Raïssa aisome mara mbili, kisha akaibandika kwa mkono wake. Hakutabasamu.

"Ulianza na uvivu, ukaishia kwenye uongo," mwalimu alimwambia Yassir. "Ukibeba maisha ya mtu, yafikishe kama alivyokupa."

Yassir, shingo ngumu bado, akanung'unika: "Lakini mwalimu, mimi nilitaka kumtetea tu."

"Alijitetea kabla mama yako hajazaliwa."