Maji Kwenye Vioo vya Gwenllian

Emrys alifariki mwezi wa kumi. Baridi ilipoingia, mkewe Gwenllian alifunga madirisha yote ya nyumba yao ya zamani ya mawe. Akaziba kila mwanya kwa magazeti.

"Harufu yake isitoke," alijisemea.

Alichemsha mchuzi wa kondoo sufuria ikiwa wazi. Alianika nguo juu ya hita ya kupashia nyumba joto. Kila asubuhi vioo vya madirisha vililowa, maji yakachuruzika hadi kwenye mbao za fremu. Alidhani mvua inapenya, akaongeza magazeti.

Kila Jumapili alikuwa akifungua kabati la mumewe na kunusa makoti yake. Jumapili moja yalinuka uvundo. Yalikuwa yameota kuvu nyeusi mgongoni. Gwenllian aliketi sakafuni akalia kwa sauti.

Jirani yake Dilwyn, fundi seremala, alimsikia kupitia ukuta wa pamoja, akaja.

"Shemeji, kuna nini?"

"Mvua imeniharibia nguo za Emrys!"

Dilwyn alipitisha kidole kwenye kioo. "Mvua iko nje. Maji haya yako ndani. Yametoka humu humu."

"Yatoke wapi? Mimi namwaga maji?"

"Unapumua, unapika, unaanika. Mvuke ukikosa pa kutokea, unagusa kioo baridi unageuka maji. Ukuta huu nao ni wa baridi, na kabati umelibana hapo hapo."

Gwenllian aliyatazama magazeti dirishani. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni mimi."

"Hukujua, shemeji."

"Lakini ni mimi."

Dilwyn alianza kubandua magazeti.

Walisogeza kabati mbali na ukuta. Wakajifunga vitambaa puani, wakasugua kuvu ya ukutani kwa maji ya sabuni. Makoti hayakufaa tena. Gwenllian aliyatoa nje mwenyewe, akayatupa.

Tangu siku hiyo kila asubuhi hufungua madirisha ya pande mbili, dakika kumi hivi, kisha hufunga. Sufuria huifunika. Nguo huzianika bafuni, mlango umefungwa, dirisha wazi. Hita huiacha na joto dogo kutwa. Kioo kikilowa, hukifuta.

Baada ya wiki chache vioo vilikauka. Hata kikohozi kilichokuwa kikimsumbua kilikwisha.

Asubuhi moja Dilwyn alimwita kutoka barabarani.

"Vipi, shemeji, chumba kikavu?"

"Kikavu kabisa. Asante."

"Na usingizi?"

Gwenllian aliinama dirishani.

"Nalala upande wangu wa kitanda," alisema. "Wa Emrys bado namwachia."