Chupa za Kumpa Jirani

Kila Jumamosi, akishamaliza kudeki, msichana alifuta vumbi kwenye chupa za shangazi yake. Zilijaa rafu mbili za stoo: maharage mabichi na karoti, vyote vimechemshwa na kufungwa humohumo chupani ili viliwe wakati wa uhaba. Shangazi alizionea fahari, na mgeni hakuondoka bila kuonyeshwa.

Jumamosi hiyo vifuniko vitatu vya chupa za maharage vilikuwa vimevimba. Chupa moja ilikuwa imevuja povu pembeni. Akamwita shangazi.

"Hizi sisi tusile," shangazi alisema, akaipangusa ile iliyovuja mpaka ikang'aa. "Zitie kikapuni umpelekee jirani yetu mshonaji. Mwambie azichemshe vizuri. Ana watoto wanne, hawezi kuchagua."

Msichana alihisi damu ikimchemka. "Shangazi, kama sisi hatuli, yeye atakulaje?"

"Nimekutuma, sikukuuliza."

Akashika njia na kikapu chake. Kwani umaskini unampa mtu tumbo la chuma? Shangazi huyuhuyu juzi alimwaga maziwa kwa sababu ya nzi mmoja.

Mshonaji alisimamisha cherehani, akakipokea kikapu kwa mikono miwili. "Mwambie shangazi ahsante sana. Leo sikujua wanangu watakula nini." Kitinda mimba wake alikuwa ameshaleta bakuli.

Shukrani hiyo ndiyo iliyomshinda msichana. "Usifungue, mama," alisema, macho chini. "Vifuniko vimevimba. Shangazi amesema sisi tusile."

Mshonaji alikibonyeza kifuniko kimoja kwa kidole gumba. Kikazama, kisha kikarudi juu. Uso ukambadilika. Alikibeba kikapu mwenyewe, wakaongozana mpaka kwa shangazi.

"Dada," alisema akiziweka chupa mezani, "nimekuja tule pamoja."

Shangazi alibabaika, kisha kiburi kikampanda. Akanyoosha mkono kufungua. "Nitaonja. Yakiwa yameharibika nitajua."

Mshonaji aliuzuia mkono huo. "Huwezi kujua. Kabla ya cherehani nilifanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha kusindika mboga. Sumu yake inaweza isiwe na harufu wala ladha, na tone tu linatosha kukuua. Ulizichemsha kwenye sufuria ya kawaida?"

"Kama siku zote."

"Maharage na karoti za chupa zinataka sufuria ya presha, kwa muda uliopimwa. Hizo za rafuni pia zitupwe, hata zenye vifuniko vizuri."

Shangazi aliketi. Kazi ya miezi mitatu ilikuwa imekwisha kwa maneno machache.

"Lakini kutojua si kosa," mshonaji aliendelea. "Hizi tatu ulizijua. Ukazipangusa, ukampa mtoto azilete kwa wanangu. Mimi ni maskini, dada, si jaa la taka."

Shangazi alisimama, akaleta mifuko, wakazitia chupa zote bila kuzifungua, wakaifunga mifuko na kuitupa mbali na watoto. Wakanawa mikono kwa sabuni mara mbili.

Kisha shangazi akapika wali na mchicha wa bustanini, akaubeba mwenyewe hadi kwa mshonaji, msichana akifuata nyuma. Aliomba radhi mbele ya watoto wote.

"Na wewe mwanangu," alimwambia msichana, "nilikutuma vibaya, nawe ukafanya haki kumwonya. Chakula unachokitilia shaka, kitupe. Kumpa mwingine si ukarimu, ni kumchagua atakayeumwa badala yako."

Akaketi mkekani, akala nao.