Mkalimani Aliyefungiwa Nje

Askari wa kwanza kusema "Nashwani" alikuwa kijana wa kikosi cha anga, alipoonyeshwa kadi yenye picha ya mlango. Ofelia Treviño hakushtuka. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwafundisha kusema upya wanajeshi walioumia ubongo, katika hospitali moja ya jeshi huko San Antonio, na alijua kwamba ubongo uliotikiswa na bomu huokota neno lolote lililo karibu. Unamwonyesha mtu kijiko, anakuambia sabuni. Akageuza kadi, wakaendelea.

Saa nne, koplo wa kike aliyeanguka na helikopta akautazama mlango uleule akasema, "Nashwani." Hapo Ofelia aliinua macho. Saa nane mchana ikawa zamu ya Sajini Wendell Broussard, ambaye kwa wiki tisa, tangu aumie kichwa, hakuwa ametoa hata neno moja. Alipoiona kadi ile jasho lilimtiririka, akaisukuma mpaka ikaanguka sakafuni, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umepooza. Wagonjwa hao watatu hawakuwahi kukutana. Walipokwisha kuondoka, chumbani ilibaki harufu ya dizeli na ya iliki iliyoungua.

Mke wa sajini, Raelynn, alikuja kila siku na kibakuli cha wali na soseji za kwao Louisiana. Jumatano ile alimvuta Ofelia pembeni.

"Bi Ofelia, Ijumaa wanamvika nishani, ya vita vya miaka ile. Bosi wake wa kule Mosul, Iraki, anakuja mwenyewe. Mimi sitaki hotuba, miye. Neno moja tu, 'asante', kwa sauti yake. Binti yangu mdogo kaanza kumwogopa baba yake, anasema ni sanamu."

"Nitajaribu, mama. Siahidi."

"Ahidi bwana, hata kama ni uongo!"

Kuna njia ya zamani katika kazi ya Ofelia. Aliyepoteza maneno mara nyingi hajapoteza wimbo, kwa hiyo mwalimu humshika mgonjwa mkono wa kushoto, akaugongesha mezani pigo kwa pigo, huku wakiimba pamoja sentensi fupi. Na kuna mwiko mmoja: usimmalizie mgonjwa neno lake. Ngoja, hata kimya kikuchome. Ukimmalizia, umempokonya.

Wakaanza. A-sa-nte. A-sa-nte. Mara ya tatu sajini aliuchomoa mkono wake akawa anagonga peke yake, kwa kiganja wazi, kwa nguvu na haraka, wala si kwa mwendo wa wimbo tena. Midomo ikafunguka. "Ni-li-fu-nga m..." Macho yakamjaa maji. "Nilifunga m..."

Ofelia akahesabu moyoni mpaka saba, mpaka nane.

"Msaidie, jamani!" Raelynn alinong'ona. "Huoni anavyoteseka?"

Huruma ikaushinda ujuzi. "Mlango," alisema Ofelia.

Mkono ukaacha kugonga. Harufu ya iliki ikakijaza chumba mpaka kooni.

"Shukrani," alisema Broussard. "Siku nyingi nazunguka humu nagonga kila kichwa, nikimtafuta huyu. Wewe ndiye uliyenifungulia."

Raelynn alimwangukia mumewe kifuani akilia kwa furaha. Lakini Ofelia alikuwa na masikio ya kazi. Lile halikuwa koo la mtu wa vinamasi vya Louisiana. Ilikuwa sauti ya upole, ya mtu aliyejifunza lugha ya wenzake shuleni, akaipenda, akawa anaitamka kwa uangalifu kuliko wenyewe.

"Mama, mumeo yumo humu humu," sauti ilimwambia Raelynn. "Haya machozi ni yake. Mimi nimekwisha lia."

Raelynn akajitoa kifuani pale, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Wewe ni nani?" Ofelia aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nashwani. Miezi kumi na minne nilikuwa ulimi wao Mosul. Siku tuliyovamiwa risasi ilinivunja mkono wa kulia, nikalikimbilia gari la deraya, nikaugonga mlango kwa wa kushoto. Haldane, kapteni wao, akasema funga. Huyu akafunga. Alikuwa ananiona kwenye kioo. Kisha kapteni akaandika kwamba mimi ndiye niliyewauza, na mama yangu akazomewa mtaani mpaka siku aliyokufa."

"Unataka nini?"

"Ijumaa watakuwa wote wawili mbele yangu. Nitayazima maneno yao moja moja, la mkate, la maji, mpaka majina ya watoto wao. Nitaanza na huyu."

Usiku ule Ofelia hakulala, na asubuhi alipofika kazini akakuta upande wa ndani wa mlango wa chumba chake umejaa alama za kiganja cha vumbi jekundu, kiganja kimoja tu, cha kushoto, kuanzia kimo cha mtu aliyesimama, zikishuka na kushuka mpaka kimo cha mtu aliyepiga magoti, mpaka chini kabisa kwenye sakafu, mahali ambapo hawezi kufikia ila mtu aliyelala chini na bado anagonga, na alipozifuta kwa kitambaa cha maji zilitoka vizuri, halafu akasikia nyuma yake zikirudi.

Raelynn alimkuta amekaa chini koridoni. "Watoto walikuja jana jioni," alisema. "Aliwasimulia hadithi vizuri sana. Binti yangu mdogo kamshika mkono, akamtazama, akaniuliza, mama, yule anayelia ndani ni nani? Mtoe, Bi Ofelia. Afadhali bubu wangu."

Ofelia hakuwa mtu wa mambo hayo, ila mfa maji haachi kutapatapa. Alimpigia simu shangazi yake Chole, mwanamke wa mitaa ya magharibi anayewafagia watu mapepo kwa yai la kuku na majani ya ruda, mmea wa dawa wenye harufu kali. Getini askari alimpekua Chole mkoba.

"Bibi, hili yai ni la nini?"

"La mchana. Au jeshi siku hizi linakataza kula?"

Chole alimpitishia sajini yai kuanzia utosini mpaka nyayoni, akilisalia kwa Kihispania, kisha akalipasua kwenye glasi. Halikutoka ute wala kiini. Lilitoka vumbi jekundu. Kikongwe akaketi polepole.

"Pepo mchafu ningemfukuza," alisema. "Huyu ameonewa, mwanangu. Aliyeonewa hafukuzwi kwa majani. Aliyemfungia ndiye amfungulie, kwa mdomo wake mwenyewe."

"Mdomo hana, shangazi! Ndiyo shida yenyewe."

"Si wewe unayewapa watu midomo? Basi fanya kazi yako, usinisumbue."

Ofelia akamgeukia mgonjwa. "Nashwani. Ukisimulia wewe kesho, watasema ni ubongo ulioumia. Watamchoma sindano, na yule kapteni wako ataenda zake kula keki. Akikiri huyu mwenyewe, kwa ulimi huu mzito, nani atacheka? Niachie ulimi wake leo."

Kiganja cha kushoto kikagonga meza mara moja.

"Mpaka kesho saa nne," sauti ilijibu. "Akishindwa, sitabakiza neno."

Sura ya sajini ikalegea, ikarudi kuwa ya mtu aliyechoka. Wakafanya kazi kutwa nzima. Ofelia aligongesha mkono ule huku akijua sasa ni mapigo ya nani, na Broussard kila mara alilia, akakosea, akaanza upya. Mpaka jioni hakuwa amefika mwisho hata mara moja.

Ijumaa ukumbi ulijaa bendera, makamanda na watoto waliochanwa nywele. Haldane, sasa kanali, alisoma karatasi ya nishani kwa sauti ya mtu anayependa kusikilizwa. "Siku hiyo," alisoma, "hakuna mtu aliyeachwa nyuma." Watu wakapiga makofi. Akainama kumbandika sajini nishani kifuani. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasorobo.

Mkono wa kushoto ukaanza kugonga juu ya goti. Ofelia alisimama mbali, kucha zimezama viganjani, hakuweza kumshika wala kumwimbia.

"Mi... mimi," alisema Broussard, kwa sauti yake nzito ya vinamasini. Raelynn akaziba mdomo. "Mimi ni-li-fu-nga. Mla-ngo. Na-shwa-ni." Akapumua kama aliyepanda mlima. "Sa-ma-ha-ni."

Hakuna aliyepiga makofi. Harufu ya dizeli na iliki ikapita kati ya viti, na waliokaa pembezoni mwa njia wakavuta miguu yao bila kujua wanampisha nani.

Kanali alicheka kidogo, akawageukia wageni awaeleze kwamba jamaa anaumwa, wamwie radhi. Akafungua kinywa, ikatoka sauti ya upole, ya mtu aliyejifunza lugha shuleni. "Nilimwona anakuja. Nilisema funga, mwache huyo. Nilisikia akigonga. Kisha niliandika kwamba alituuza, nikijua ni uongo." Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, na maneno yakaendelea kutoka, safi, yakipenya vidoleni, saa, tarehe, namba ya gari, jina la mama wa mkalimani, mpaka mkewe aliyekaa mstari wa mbele akainuka na kutoka nje.

Jumanne mkuu wa idara alimletea Ofelia faili. Picha za kichwa hazikuonyesha kitu. Wakimuuliza kanali jina lake, alisimulia Mosul. Wakimuuliza atakula nini, alisimulia Mosul, mwanzo mpaka mwisho, dakika kumi na moja.

"Wewe ndiye bingwa wetu," alisema mkuu. "Mwokoe huyu mtu."

Ofelia alimpima nusu saa nzima, pumzi, koo, ulimi, huku macho ya Haldane yakimwomba kama ya mtoto. Alijikagua moyoni kama kuna huruma, akakuta furaha, wala hakuionea haya. Akamsikiliza asimulie mpaka mwisho. Kisha akachukua kalamu akaandika: Matamshi mazuri. Kumbukumbu timamu. Mgonjwa anasema kweli tupu. Hakuna cha kutibu. Akatia sahihi, akafungua mlango, akamwita Broussard aingie.